Ghala Likiungua, Mtangazaji Anauza Nini? Uchambuzi wa Kisa cha QVC na Rocky Mount

Usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 18 Desemba 2021, moto ulizuka katika ghala la QVC karibu na mji wa Rocky Mount, jimboni North Carolina, Marekani. Zamu ya usiku ilikuwa kazini. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, wakati ambapo maghala ya aina hii hayalali. Wengi walitoka salama. Mfanyakazi mmoja, kijana, alifariki. Jengo lenye ukubwa wa zaidi ya futi za mraba milioni moja liliharibika vibaya, kampuni ikaamua kutolijenga upya, na watu karibu 2,000 wakapoteza kazi katika eneo ambalo ghala hilo lilikuwa miongoni mwa waajiri wakubwa.

QVC ni duka la televisheni: chaneli inayoonyesha bidhaa hewani, na watazamaji wakaziagiza kutoka nyumbani. Studio zake ziko West Chester, Pennsylvania, jimbo jingine kabisa, kwa hiyo kamera na taa hazikuguswa na moto. Kilichoungua ni mzigo. Rocky Mount lilikuwa ghala la pili kwa ukubwa la QVC nchini Marekani, na kwa maelezo ya kampuni yenyewe kwa wawekezaji, kati ya asilimia 25 na 30 ya shehena yote ya QVC nchini humo ilipitia hapo. Ghala hilohilo ndilo lililokuwa kituo kikuu cha kupokea bidhaa zisizo nguo wala viatu zinazorudishwa na wateja. Jambo hili la pili halikuzungumzwa sana, nami nitalirudia kwa sababu naliona kuwa zito.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu wauzaji wa televisheni wanaishi kwa kusema "zimebaki chache". Ndiyo kauli inayowatofautisha na muuza duka wa kawaida. Sasa hapa zilibaki chache kweli, na mtu angetarajia kwamba uhaba wa kweli ungekuwa msimu wa neema kwa watu wenye ujuzi huo. Mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2022 mapato ya kampuni mama, wakati huo ikiitwa Qurate Retail, yalishuka hadi takriban dola bilioni 12.1 kutoka bilioni 14 za mwaka uliotangulia. Mfumuko wa bei na watu kuachana na televisheni ya kebo vilichangia, haitakuwa haki kuulaumu moto peke yake. Lakini uongozi ulisema wazi kwamba upungufu wa mzigo na kuchelewa kwa usafirishaji viliumiza mauzo. Hoja yangu ni hii: mbinu ya uhaba inahitaji ghala lililojaa nyuma yake. Ghala likiwa tupu, mbinu inakufa, na mtangazaji anabaki na kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni neno lake.

Biashara yenyewe ilianza na mzigo uliokosa mnunuzi. Mwaka 1977, kituo kidogo cha redio huko Clearwater, Florida, kilikuwa kinamdai mteja wa matangazo. Mteja hakuwa na fedha, akalipa kwa vifungua makopo 112 vya rangi ya parachichi. Mwenye kituo, Lowell Paxson, akamwambia mtangazaji wake Bob Circosta aviuze hewani kwa dola 9.95 kimoja. Vikaisha vyote. Mwaka 1982 Paxson na mwenzake Roy Speer walianzisha kipindi cha mauzo kwenye televisheni ya kebo ya hapohapo Florida, na huo ndio ukawa mwanzo wa Home Shopping Network. QVC ya Joseph Segel ilifuata mwaka 1986, na mwaka 2017 kampuni mama ya QVC ikamiliki zote mbili.

Kwenye hadithi ya vile vifungua makopo, watu hupenda kusimulia bahati ya Paxson. Mimi naangalia ile namba. Circosta alijua kabla ya kufungua mdomo kwamba ana vipande 112, viko palepale kituoni, na cha mwisho kikienda hakuna kingine. Aliposema vinaisha, vilikuwa vinaisha. Tena aliyepiga simu akakikosa hakuwa na pengo lolote maishani mwake, maana asubuhi ya siku ile hakuwa na habari kwamba anakihitaji. Uhaba wa namna hii haumdhuru mtu. Una mwanzo, una mwisho, na aliyeukosa analala usingizi wake.

QVC iliuchukua uhaba huo ikaupanga kwa ratiba. Kila siku kuna bidhaa moja ya bei maalumu, wenyewe huiita Today's Special Value. Huanza saa sita usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani na bei hiyo hudumu saa 24. Mzigo wake huagizwa mapema sana, kwa wingi, ukaingia ghalani kabla ya siku yake. Mtazamaji anapoambiwa kwamba ofa hii ni ya leo tu, huo ni ukweli uliotengenezwa. Leo tu kwa sababu kampuni imeamua iwe leo tu.

Tazama kipindi chenyewe kwa karibu. Pembeni mwa skrini kuna kisanduku: namba ya bidhaa, bei ya kawaida, bei ya leo, na kiasi cha kulipa kwa mafungu ya mwezi. Mtangazaji ameshika mkoba. Anaupapasa, anafungua zipu, anatia mkono ndani hadi kiwiko ili uone kina chake. Chini zimepangwa rangi tano. Baada ya dakika kadhaa rangi ya bluu inawekewa alama kwamba imekwisha. Hapigi kelele. Anauweka wa bluu pembeni taratibu, anachukua wa kahawia, anaendelea pale alipoishia. Sikioni mwake kuna sauti ya mtayarishaji, ambaye mbele yake ana takwimu za oda zinavyoingia dakika kwa dakika. Oda zikipanda pale alipofungua zipu ya ndani, ataambiwa aifungue tena. Kisha simu ya mteja inaunganishwa hewani, mama mmoja anayesema anao wa mwaka jana na sasa anamchukulia binti yake. Wakati mama anaongea, rangi ya pili inawekewa alama.

Ile alama kwenye rangi ya bluu ndiyo yenye kazi kubwa kuliko maneno yote. Mwaka 1975 watafiti Stephen Worchel, Jerry Lee na Akanbi Adewole walichapisha jaribio ambalo tangu hapo limekuwa likirejelewa na kila anayesoma saikolojia ya mauzo. Waliwapa watu biskuti kutoka kwenye mtungi. Wengine waliona mtungi wenye biskuti 10, wengine wenye 2. Wale wa biskuti 2 walizitamani zaidi na wakazikadiria bei ya juu zaidi. Kundi jingine lilipewa kwanza mtungi wa 10, kisha ukaondolewa ukaletwa wa 2, na hao wakazitamani kuliko waliokuwa na 2 tangu mwanzo. Hapo ndipo wengi huishia wanapolisimulia jaribio hili, na kipande kinachofuata ndicho chenye faida kwetu. Watu waliopunguziwa biskuti walipewa sababu tofauti. Baadhi waliambiwa zimepungua kwa sababu wenzao wamezihitaji. Baadhi waliambiwa ni makosa tu, mtafiti amechanganya mitungi. Tamaa ilikuwa kubwa zaidi pale biskuti zilipopungua kwa sababu ya watu wengine. Zilipopungua kwa bahati mbaya, mvuto ulikuwa mdogo kuliko huo. Na utamu wa biskuti wenyewe, kwa kadiri walivyousema waliozionja, haukuongezeka.

Mwandishi wa matangazo Colleen Szot aliitumia nguvu hiyohiyo alipobadili maneno yaliyozoeleka kwenye matangazo marefu ya televisheni. Badala ya kusema wahudumu wanasubiri, piga sasa, aliandika kwamba kama wahudumu wana simu nyingine, tafadhali piga tena. Sentensi ya kwanza inakuchorea chumba cha watu waliokaa bila kazi. Ya pili inakuchorea watu wanaogombania.

Sasa rudi Rocky Mount. Mzigo haukupungua kwa sababu watu wameugombania. Umeungua. Kwa lugha ya lile jaribio, huu ni uhaba wa bahati mbaya, ule usioongeza tamaa kama ule wa watu wanaogombania. Mtangazaji anayesimama mbele ya kamera Januari 2022 akijua kwamba rangi ya bluu haipo kwa sababu haikuwahi kufika, hana hadithi ya umati ya kusimulia. Akiisimulia hata hivyo, akaacha mtazamaji aamini kwamba wenzake wameimaliza, amesema uongo kwa kunyamaza. Na akisema ukweli kwamba ghala limeungua, hapati hamu ya kununua, anapata subira ya mteja. Subira ni kitu cha thamani, ila haiingizi oda kwenye ile skrini ya mtayarishaji.

Njia nyingine ingekuwa kuugeuza moto wenyewe kuwa sababu ya kununua: hivi ndivyo vilivyookolewa, vya mwisho, wahi. Naamini hakuna mtangazaji mwenye akili timamu anayepaswa kuigusa hata kidogo. Mtu amekufa pale. Moto uliochukua uhai wa mfanyakazi haufanywi chambo.

Kuna na hesabu ya dakika, ambayo naona ndiyo iliyouma zaidi. Duka la televisheni lina rafu moja tu, nayo ni kile kilichopo kwenye skrini sasa hivi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, kipindi cha dakika 10 kimepangiwa mikoba 3,000 ya dola 60. Hizo ni dola 180,000, yaani 18,000 kila dakika. Ghala likikupa mikoba 400 tu, kwa kasi ileile unaimaliza ndani ya dakika moja na sekunde 20, umepata dola 24,000, na kuna zaidi ya dakika nane mbele yako. Utaonyesha nini? Ukileta bidhaa nyingine, inabidi uieleze upya tangu mwanzo, na maelezo ndiyo yanayokula muda. Aliyewasha televisheni dakika ya tatu anakuta mtangazaji akisifia kitu ambacho hakinunuliki. Huyo atabadili chaneli, na hakuna mbinu itakayomrudisha. Muuza nyanya mwenye mafungu matano anaweza kuyauza yote na kwenda nyumbani akiwa na furaha. Mwenye televisheni hawezi kwenda nyumbani.

Ndiyo maana nasema "zimebaki chache" ni kauli ya mwenye nyingi. Inafanya kazi pale ambapo chache hizo ni mwisho wa rundo kubwa.

Na balaa halikuja peke yake. Majira yaleyale ya baridi, foleni ya meli za makontena zilizosubiri kushusha kwenye bandari za Los Angeles na Long Beach ilipita meli 100. Muuzaji aliyetaka kujaza upya rafu haraka hakuwa na pa kukimbilia. Kawaida bidhaa ikiisha, mnunuzi wa kampuni anampigia mzalishaji kuongeza. Mwaka ule mzalishaji mwenyewe alikuwa anasubiri meli.

Je, mtangazaji alibaki na zana gani? Tuanze na saa, ile inayorudi nyuma pembeni mwa skrini. Saa haitegemei ghala moja kwa moja, kwa hiyo kishawishi cha kuitegemea kinakua pale mzigo unapopungua. Lakini muda wa uongo ni kosa la wazi katika nchi nyingi. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2005/29 kuhusu biashara isiyo ya haki limeweka orodha ya mambo yaliyopigwa marufuku bila kujali mazingira. Mojawapo ni kusema kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi mno, ili mtu aamue papo hapo bila nafasi ya kufikiri. Jingine ni kutangaza bei ya bidhaa huku ukiwa na sababu ya kuamini kwamba hutaweza kuwapa watu kiasi cha kutosha, na usiwaambie. QVC ina chaneli Ujerumani na Italia, ambako agizo hilo linatumika, na Uingereza, ambako kanuni hizo ziliingizwa mwaka 2008 na zikabaki katika sheria hata baada ya nchi hiyo kutoka kwenye Umoja. Marufuku hiyo ya pili naiona kuwa ndiyo hasa inayomhusu muuzaji wa wakati wa uhaba. Kosa linaanza pale anapojua hana, akanyamaza.

Zana nyingine ni kumsogeza mteja kwenye kile kilichopo. Hakuna bluu, chukua kahawia. Hakuna kikaangio kikubwa, hiki kidogo kinatosha kwa watu wawili. Muuzaji mzuri hufanya hivi kila siku na hakuna dhambi. Mpaka uko kwenye nia. Kama kikaangio kikubwa kiliwekwa kwenye tangazo ili kukuleta tu, na kidogo ndicho kilichokusudiwa tangu mwanzo, huo ni mtego.

Zana inayostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi ni orodha ya kusubiri na ndugu yake, oda ya awali. QVC imekuwa nazo kwa miaka. Kwenye orodha ya kusubiri, bidhaa ikiwa imekwisha unaacha jina, na mzigo ukipatikana unatumiwa. Fedha hukatwa bidhaa inapoondoka. Kwenye oda ya awali unanunua leo kwa bei ya leo, na unaambiwa tarehe ambayo itatumwa. Mtangazaji anapenda zana hizi kwa sababu zinampa neno la kusema wakati rafu iko tupu. Zinamhifadhia mteja. Mtu aliyeacha jina lake hatafuti tena kwingine, anajiona kana kwamba bidhaa ni yake tayari, inachelewa tu.

Hapo kuna nguvu kubwa na hatari kubwa. Jina kwenye orodha ni ahadi ya upande mmoja: mteja amejifunga moyoni, muuzaji hajajifunga kwa lolote. Ndiyo maana tarehe ni kila kitu. Marekani jambo hili lina kanuni yake tangu mwaka 1975, ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, FTC, iliyotungwa kwa ajili ya mauzo ya posta. Mwaka 1993 ikapanuliwa kuingiza oda za simu, na baadaye za intaneti. Inasema muuzaji lazima awe na msingi wa kweli wa kuamini kwamba atatuma bidhaa ndani ya muda alioutaja, na kama hakutaja muda wowote, ndani ya siku 30. Akiona hawezi, lazima amjulishe mteja, ampe tarehe mpya, na ampe nafasi ya kufuta oda na kurudishiwa fedha zake zote.

Isome kanuni hiyo kwa macho ya mtu aliyeko studio wiki ya tatu ya Desemba 2021. Oda zilizoingia tarehe 15 ziliahidiwa kwa nia njema, mzigo ulikuwepo. Kuanzia asubuhi ya tarehe 18 ule msingi wa kuamini haupo tena kwa kila kilichokuwa Rocky Mount. Kila sentensi ya "itafika kabla ya sikukuu" inayotamkwa baada ya hapo inahitaji mtu nyuma ya pazia aliyeangalia ni ghala gani lina nini. Mtangazaji hawezi kuyajua hayo peke yake. Anasoma anachopewa. Kwa hiyo tunapojadili mbinu za mtangazaji wakati wa uhaba, sehemu kubwa ya swali ni kama idara ya ghala inazungumza na studio kila saa, au mara moja kwa wiki.

Nilisema nitarudi kwenye bidhaa zinazorudishwa. Wateja wa QVC wana siku 30 za kurudisha bidhaa. Watu wengi huona hii kuwa huduma ya ziada. Kwangu ni nusu ya biashara nzima. Mtu anayenunua usiku wa manane, saa ikirudi nyuma, sauti ya mama mwingine ikiusifia mkoba, ananunua akiwa amesukumwa. Kinachofanya msukumo huo uvumilike ni kwamba kesho, akili ikitulia, anaweza kuurudisha. Ukimnyima njia ya kurudisha, umemwacha na msukumo peke yake. Na moto ule uliteketeza mahali hasa ambapo vyombo vya jikoni, vifaa vya umeme na vitu vya nyumbani vilikuwa vinarudishwa. Januari ndiyo mwezi wa kurudisha zawadi za Krismasi. Maoni yangu ni kwamba duka la televisheni ambalo njia yake ya kurudisha imeyumba linapaswa kupunguza sauti ya msukumo kwa kiwango kilekile, mpaka njia ifunguke. Sijui njia nyingine ya kuwa mwadilifu katika kazi hii.

Ziko sababu za kibiashara pia. Zaidi ya asilimia 90 ya mauzo ya QVC hutoka kwa wateja waliokwisha kununua hapo kabla. Hii ni biashara ya watu walewale. Mama aliyeambiwa mwezi Januari kwamba mkoba umekwisha, akauona Machi umerudi kwa bei ya chini, atakumbuka. Muuzaji wa barabarani anayemwona mpita njia mara moja maishani anaweza kuishi kwa uongo wa uhaba. Anayerudi sebuleni kwa watu haohao kila jioni hawezi, na watangazaji wakongwe wa chaneli hizi wanalifahamu hilo vizuri. Ndiyo maana wengi wao husikika wapole kuliko watu wanavyowadhania.

Kuna mfano mmoja wa televisheni iliyouza wakati wa uhaba mkali bila kumsukuma mtu kabisa. Februari 2020 barakoa ziliadimika Korea Kusini. Serikali iliitumia Gongyoung Shopping, chaneli ya mauzo iliyo chini ya taasisi za umma, kuuza barakoa bila faida. Oda zilipokelewa kwa simu, ili wazee wasiojua kununua kwa simu janja wasiachwe nyuma. Kila mtu aliruhusiwa kifurushi kimoja. Saa ya kipindi haikutangazwa mapema, ili wenye kompyuta na wachuuzi wasijipange. Haikuhitajika sifa yoyote ya bidhaa, kila mtu aliitaka. Na bado utaratibu ule ulikuwa na maumivu yake: watu walikaa mbele ya televisheni wakisubiri kipindi wasichojua kitaanza lini, kisha simu haziingii. Tarehe 9 Machi nchi ikaanza mgawo kupitia maduka ya dawa, barakoa mbili kwa mtu kwa wiki, siku ya kununua ikifuata tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa. Nakichukua kisa hicho kama kipimo. Kitu kikiwa cha lazima na kikawa haba kweli, ushawishi hauna kazi tena. Kinachotakiwa ni mgawo, na televisheni ni chombo dhaifu cha kugawia.

Mikoba na vikaangio vya QVC havikufikia huko, na ndiyo maana kisa cha Rocky Mount kiko katikati: uhaba ni wa kweli, lakini wa vitu ambavyo mtu anaweza kuvikosa akaendelea na maisha. Katika hali hiyo ushawishi unaruhusiwa. Kinachobadilika ni wajibu wa kusema sababu.

Wajibu huo sasa uko mikononi mwa watu wengi kuliko zamani. Aprili 2025 QVC ilianza kurusha mauzo mubashara saa 24 kwenye TikTok nchini Marekani. Ni uwanja uleule ambao kwa miaka kadhaa wauzaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa wamekuwa wakiingia laivu usiku kuuza magauni, viatu, manukato na simu. Muuza mitumba ana bahati: akisema "hii iko moja tu", iko moja tu kweli, maana kila kipande cha mtumba ni cha peke yake. Anayeuza mzigo mpya kutoka Guangzhou au Dubai yuko kwenye hali ya QVC bila ghala la QVC. Mzigo uko njiani, kontena limekwama, na watu wameshalipa nusu. Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya Kenya ya mwaka 2012 na Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 zote zinakataza kumpotosha mnunuzi, lakini mteja aliyetuma elfu ishirini kwa simu mara chache huenda kwenye tume. Hunyamaza, akaacha kununua, akawaambia na wenzake.

Kwa muuzaji wa namna hiyo, maneno ninayoona yanafaa ni machache. "Nyeusi zipo kumi na mbili, ziko hapa, mnaziona. Bluu hazipo, hazikununuliwa, hazijafika. Ninazitarajia kati ya tarehe 10 na 15. Anayetaka aandike jina na namba, halipi kitu leo. Zikifika nitapiga picha na nitaanza kupigia simu wa kwanza kwenye orodha." Tarehe 15 ikifika na kontena halijatoka bandarini, ujumbe unatumwa asubuhi ileile kabla mteja hajauliza. Unasema tarehe mpya, na unasema kwamba aliyechoka kusubiri anaweza kutoa jina lake. Kama kuna aliyekuwa ameshalipa, hela yake inarudi siku hiyohiyo kwa namba ileile iliyotumika kulipia, pamoja na makato ya kuituma.